Kama virusi huhifadhiwa kwenye nitrojeni, tiba mgando inauaje chunjua?

#1 Kisigino

Wakuu, salaam.

Nina chunjua tatu chini ya unyayo wa kulia, mbili kubwa kisiginoni na moja ndogo karibu na kidole gumba. Zina miezi minane. Nimezipaka asidi salisiliki mpaka ngozi ikawa inabanduka kama rangi ya ukuta, na kila nikidhani zimekwisha zinachungulia tena. Sasa nimepangiwa tiba mgando Alhamisi ijayo, ile ya kupuliziwa nitrojeni ya kimiminika.

Nesi aliyenipa tarehe aliniambia, "Usiwe na wasiwasi, baridi ile inaua virusi." Nikaondoka nimeridhika. Nafika nyumbani, namsimulia mdogo wangu ambaye anafanya kazi maabara, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema wao virusi wanavitunza humo humo kwenye nitrojeni, nyuzi -196, na miaka ikipita wakivitoa vinaendelea na kazi kama kawaida.

Sasa nauliza: kama mtungi huo ndio kitanda cha virusi, kwenye mguu wangu kinachouawa ni nini hasa? La pili, mliopitia, inauma kiasi gani na nijiandae vipi? Natanguliza shukrani.

#2 Kiroboto

Yaani mkuu unaenda kuvitunza vizuri ili wajukuu wavikute. Hongera.

#3 NesiMkongwe

Kisigino, mwenzangu hakukudanganya, alifupisha tu. Baridi haiendi kumtafuta kirusi. Chunjua ni seli za ngozi yako mwenyewe, zimevamiwa na kirusi cha HPV zikaanza kuzaana ovyo. Tunachoua ni hizo seli. Nyumba ikibomolewa, mpangaji anaondoka na kifusi.

Kujiandaa hakuna mambo makubwa. Kula kama kawaida, hii ya ngozi haihitaji kufunga. Siku chache kabla loweka mguu maji ya uvuguvugu kisha sugua ule ugumu wa juu, maana baridi ikikutana na sugu nene inaishia hapo hapo juu. Lakini kama asidi imeshakuchubua mpaka pabichi, acha kupaka, ngozi ipumzike. Siku yenyewe njoo na mguu mkavu usio na mafuta, na kiatu kipana au cha wazi, kwa sababu unaweza kuondoka na mguu usiotaka kubanwa. Parasetamoli saa moja kabla hainyimwi mtu, kama huwa unaitumia bila shida.

Cha maana zaidi ni kusema. Sema kama una kisukari au miguu ina ganzi. Sema kama vidole vyako huwa vinageuka vyeupe kwenye baridi, kama ngozi huvimba na kuwasha ukishika kitu cha baridi, kama makovu yako huwa yanavimba na kukua. Watu wanakaa kimya halafu tunayajua mambo haya wakirudi na kidonda.

Maumivu: kwanza inachoma kama barafu iliyogandia kwenye ulimi, kisha inapoyeyuka ndipo inapuma. Hiyo ya kuyeyuka ndiyo watu huisahau kuisimulia. Kesho yake lengelenge, wakati mwingine lenye damu. Usilitoboe.

Na usitegemee mara moja. Chunjua za unyayo ni kiburi, huwa tunarudia kila baada ya wiki mbili au tatu.

#4 Fundi Friji

Kwa upande wa fizikia mbona ni rahisi. Weka chupa ya maji iliyojaa kwenye friza, asubuhi unakuta imepasuka. Maji yakiganda yanatanuka. Seli ni kifuko cha maji. Inapasuka, basi. Kirusi hakina maji ya kutosha ndani yake, ndiyo maana hakipasuki. Swali limejibiwa, uzi ufungwe.

#5 Mwanamaabara

Fundi Friji, usifunge uzi bado. Mfano wa chupa ni mzuri kwa watoto ila una tundu kubwa. Manii ya binadamu na viinitete ni seli zilizojaa maji, na tunazigandisha kwenye nitrojeni hiyo hiyo. Zikiyeyushwa watoto wanazaliwa. Kwa nini hazikupasuka?

Ukigandisha taratibu, barafu huanza kujengeka nje ya seli, sio ndani. Barafu ni maji matupu, haichukui chumvi. Kwa hiyo maji kidogo yaliyobaki nje yanakuwa na chumvi kali, yanainyonya seli mpaka inasinyaa. Inakufa kwa kukauka. Ukigandisha haraka sana, maji hayapati muda wa kutoka, barafu inajengeka ndani kwa ndani na fuwele zake zinachana kila kitu. Na kuyeyuka taratibu ni pigo la pili, maana fuwele ndogo huungana kuwa kubwa. Ndiyo maana daktari wa ngozi anagandisha kwa kasi na kuacha iyeyuke yenyewe pole pole. Anatafuta vifo vyote viwili.

Sisi wa kutunza tunafanya kinyume: tunashusha pole pole, tunayeyusha haraka, na kabla ya yote tunatia kinga. Kinga maarufu ni gliserini, hii hii ya kujipaka midomo ikikauka. Mwaka 1949 wanasayansi Polge, Smith na Parkes kule Uingereza walikuwa wanahangaika kugandisha manii ya jogoo kwa kutumia sukari, haikufaulu, mpaka siku moja chupa moja ikafanya maajabu. Kuipima wakakuta ndani sio sukari, lebo zilichanganywa, ilikuwa na gliserini. Sayansi nyingine zinaletwa na lebo mbovu.

Kuhusu virusi, NesiMkongwe yuko sahihi. Kirusi ni kifurushi cha maelekezo kwenye ganda la protini. Hakina cha kukauka wala cha kupasuka.

#6 Kiroboto

Kwa hiyo Kisigino asijipake gliserini Alhamisi. Tumeelewana.

#7 Mwanamaabara

Haingii kwenye seli kwa kujipaka kidogo, lakini umeshika pointi bila kujua. Nesi amesema mguu uje bila mafuta.

#8 mama_wawili

Mimi nimepitia ya aina nyingine, ya mlango wa kizazi. Nilienda kupimwa dalili za saratani kwa siki, ile ya kupakwa na kuangaliwa, pakaonekana doa jeupe. Wakanipa tiba siku hiyo hiyo.

Ile haipuliziwi. Wanabana kitu kama kitufe cha chuma kwenye mlango wa kizazi, gesi inapita ndani yake kinaganda. Dakika 3 kugandisha, 5 kuachia, 3 tena. Hizo 5 za katikati nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, mshale ulikuwa unatembea kama umefungwa jiwe. Maumivu yalikuwa kama ya hedhi nzito, na uso ulipata joto ghafla, jasho likanitoka kwenye mdomo wa juu. Nilipoinuka wakaniambia nikae kwanza, wengine huzirai.

Ila nina malalamiko. Walinieleza kukaa mwezi bila tendo la ndoa, sawa. Hawakunieleza maji! Siku ya pili nikaanza kutoka maji maji, mengi, utadhani chupa imevunjika. Nikajua nimeharibiwa. Nililia chooni usiku mzima peke yangu, asubuhi nakimbilia pale naambiwa "ni kawaida hiyo, ni wiki nne mpaka sita." Kawaida yenu sio kawaida yangu! Mngeniambia ningenunua pedi za kutosha nikalala.

#9 Tumbili Mpole

Pole dada. Kwa hiyo ilikuwa saratani?

#10 mama_wawili

Hapana. Mabadiliko ya awali. Kama ingekuwa saratani yenyewe wasingegandisha.

#11 NesiMkongwe

Na hilo watu hulichanganya sana. Mlango wa kizazi unagandishwa pale ambapo doa lote linaonekana, halijazidi robo tatu ya eneo, halijaingia ndani ya mfereji, na hakuna dalili ya saratani. Likivuka hapo, kuna njia nyingine za kukata. Mjamzito anasubiri ajifungue.

Siku hizi utakuta sehemu nyingi wanatumia joto badala ya baridi. WHO walitoa mwongozo wake 2019. Kifaa ni kidogo, hakihitaji kubeba mitungi ya gesi, na kazi inaisha kwa dakika chache. Kwa hiyo dada mwingine akienda akakuta anachomwa badala ya kugandishwa asidhani wamekosea.

mama_wawili, malalamiko yako nimeyapokea kwa niaba ya wote waliosahau kusema. Umerudi kuangaliwa baada ya mwaka?

#12 mama_wawili

Nilirudi, safi. Asante dada nesi.

#13 Kobe Mzee

Mnaongelea maumivu na maji, hakuna aliyetaja rangi. Nina miaka 6 tangu nigandishwe chunjua nyuma ya mkono wa kushoto. Chunjua iliondoka vizuri kabisa. Ikaacha duara jeupe saizi ya kifungo cha shati. Mimi ni mweusi wa kukolea, kila ninayemsalimia kwa mkono jicho lake linatua pale. Kuna mzee alinishika mkono akaniombea.

Nilirudi kuuliza, daktari akasema "rangi itarudi." Miaka 6. Ningeambiwa mapema ningebaki na chunjua yangu, angalau ilikuwa rangi moja na mimi.

#14 Mwanamaabara

Kobe Mzee, hapa ndipo baridi inapowaonea watu weusi. Seli zinazotengeneza rangi ndizo dhaifu kuliko zote kwenye ngozi, zinaanza kufa nyuzi -4 mpaka -7 tu. Seli za kawaida za ngozi zinavumilia mpaka -20 au chini zaidi, na zile zinazoshikilia nyama ya ndani zinavumilia zaidi ya hizo. Saratani ya ngozi inataka karibu -50. Maana yake ni kwamba hakuna namna ya kuua chunjua ukabakiza rangi. Rangi inatangulia kufa. Ikirudi, inarudi kwa seli kutambaa kutoka pembeni au kwenye mashina ya vinyweleo, na wengine hawarudishiwi.

#15 Tumbili Mpole

Mimi yangu ya goti ilirudi baada ya kama mwaka, ikaanza na pete nyeusi kuzunguka doa kisha ikajaa. Tofauti nadhani ni muda wa kupuliziwa. Wangu alihesabu mpaka kumi tu.

#16 Kofia Pana

Nami nichangie. Nina ualbino, hilo la doa jeupe niachieni mimi, halinihusu 😄

Kwetu sisi tiba mgando sio ya chunjua. Jua linatutengenezea vigaga usoni, masikioni, kwenye mikono, vikavu kama msasa; ukipitisha kidole unavihisi kabla hujaviona. Vikiachwa baadhi vinageuka saratani. Kila nikienda kliniki ya ngozi daktari anapitisha kidole, anaviwekea alama kwa kalamu, anapuliza kila kimoja sekunde chache. Siku nyingine natoka na vipande 15. Paji la uso ndilo baya, kichwa kinauma dakika kadhaa kama umemeza barafu haraka, kisha kinaachia.

Lakini kuna kimoja sikioni alikataa kukigandisha. Kilikuwa kigumu chini, kinatoka damu, hakiponi. Akasema hiki nakata nipeleke maabara. Nilikasirika, nilitaka nimalize siku ile. Majibu yalirudi ni saratani ya ngozi, ikakatwa yote ikaisha. Angepuliza, juu pangepona, chini ingeendelea kutembea.

#17 Kisu Butu

Uzi mzuri. Ila naona wote mnazungumzia seli moja moja kama vile ngozi ni kikapu cha mayai. Kuna maelezo ya tatu: mishipa ya damu. Barafu inaharibu kuta za mishipa midogo, ikiyeyuka damu inaganda humo ndani, na kipande chote kinakosa hewa na chakula. Angalieni ratiba yenyewe. Siku ya kwanza pamevimba pekundu, siku zinazofuata panageuka peusi, ndipo panabanduka. Kama seli zingekuwa zinapasuka tu kama chupa ya Fundi, kila kitu kingeisha siku ile ile.

Na hii tiba ni ya kale kuliko mnavyodhani. Mwingereza James Arnott, katikati ya karne ya 19, alikuwa anaweka barafu iliyosagwa na chumvi juu ya uvimbe wa saratani ya titi na ya mlango wa kizazi, anafika karibu nyuzi -20. Alipunguza maumivu na kutoka damu. Hewa ya kimiminika ilianza kutumika kwenye ngozi New York mwaka 1899. Halafu 1961 Irving Cooper, daktari wa upasuaji wa ubongo, akatengeneza kijiti kinachopitisha nitrojeni ndani kwa ndani na kuganda nchani tu. Hapo ndipo baridi ikaweza kuingizwa ndani ya mwili.

#18 Shangazi Mkubwa

Mmesoma sana lakini mimi nimeona kwa macho. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na chunjua kumi na kitu mikono yote miwili. Walimgandisha mkono wa kulia tu maana alipiga kelele wakashindwa kuendelea. Miezi miwili baadaye na za kushoto zimekwisha. Hakuzigusa mtu. Nielezeni hiyo kwa chupa, kwa chumvi au kwa mishipa.

Jibu ni kinga ya mwili. Kirusi kinajificha kwenye ngozi ya juu ambako damu haifiki vizuri, askari wa mwili hawakioni. Baridi inavunja ukuta, mabaki yanamwagika, askari wanaijua sura ya adui, wanamsaka mpaka kushoto.

#19 Mwanamaabara

Shangazi, shikamoo. Hoja yako inapendwa na wengi na huenda ina ukweli. Lakini kwa mtoto ni ushahidi mwepesi. Chunjua za watoto takriban theluthi mbili huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili bila kuguswa na mtu. Huenda alikuwa anaelekea kupona mikono yote, nyie mkawahi wa kulia.

#20 Shangazi Mkubwa

Marahaba. Sikubali.

#21 Kisigino

Wakuu nimepata wazo. Nina tatu. Nitamwomba daktari agandishe mbili za kisiginoni aache ile ndogo ya kidole. Kama Shangazi yuko sahihi, ndogo itakufa yenyewe. Ikibaki, Fundi, Mwanamaabara na Kisu Butu mgawane ushindi.

#22 Kiroboto

Naweka dau kwa Shangazi. Mtu aliyejibu "Marahaba. Sikubali" hashindwi.

#23 Tumbili Mpole

Samahani kutoka nje ya mada kidogo: ile ya wanamichezo kuingia kwenye chumba cha baridi mzima mzima nayo ni hii hii? Nasikia inaondoa maumivu, uzito, mpaka msongo wa mawazo.

#24 Fundi Friji

Hapana, ile haigandishi kitu. Ni hewa ya nyuzi -110 au chini zaidi kwa dakika mbili mpaka nne, ngozi inapoa haraka ila haifiki kuganda, vinginevyo wangetoka bila masikio. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilisema 2016 kwamba madai mengi hayana ushahidi na haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo kwa matibabu.

Mimi kama mtu wa gesi ninachoogopa ni kingine. Lita moja ya nitrojeni ya kimiminika ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 700. Haina harufu, inasukuma oksijeni nje, unalala bila kujua unakufa. Mwaka 2015 kule Nevada, Marekani, mfanyakazi aliingia kwenye chumba kama hicho peke yake baada ya kazi, akakutwa amekufa kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo Kisigino, chumba chako Alhamisi kiwe na dirisha.

#25 Kiroboto

Na kama hakina dirisha kuna James Bedford, Mmarekani aliyegandishwa baada ya kufa 1967, anasubiri dawa ipatikane. Mtakuwa wawili.

#26 Bila Jina Leo

Nimejisajili kwa sababu ya uzi huu, msinicheke. Nilinunua kile kichupa cha kugandisha chunjua nyumbani. Kimeandikwa -57. Maelekezo yanasema sekunde kadhaa, nikaona kama hospitali ni -196, mimi nikiongeza muda tutalingana. Nikashikilia karibu dakika nzima, kwenye kidole cha mkono, ubavuni karibu na ukucha.

Haikuganda zaidi, ilisambaa zaidi. Lengelenge lilizunguka kidole chote, usiku nililala mkono nimeuinua juu ya mto, unapuma na moyo. Sasa ni mwezi wa tatu, ncha ya kidole bado ina ganzi, nikifunga vifungo vya shati naangalia kwa macho. Chunjua ipo.

#27 Mwanamaabara

Pole sana. Pembeni mwa kidole mishipa ya fahamu inapita juu juu, ndiyo maana. Mara nyingi ganzi hiyo hupungua kwa miezi, ila nenda ikaangaliwe.

#28 NesiMkongwe

Pole Bila Jina. Hakuna anayekucheka hapa, labda Kiroboto.

Nami niongeze lililo kubwa kuliko ganzi. Kwa kichupa cha nyumbani, nani alithibitisha kuwa ile ni chunjua? Kofia Pana amegusa hapo juu. Ukigandisha, hakibaki kipande cha kupeleka maabara. Na kwa sisi weusi, saratani ya seli za rangi (melanoma) hupenda kujificha unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, sehemu zile zile tunazosema "sugu tu hii." Bob Marley aligunduliwa nayo 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki 1981.

Kisigino, mwambie daktari akwangue juu kabla ya kupuliza. Chunjua huonyesha vidoti vidogo vyeusi, ni vimishipa vya damu iliyoganda, na mistari ya ngozi huikwepa badala ya kupita juu yake. Kama ni doa jeusi linalotanuka au kidonda kisichofunga, asipulize.

#29 Mtoto wa Saba

Nauliza na kuchangia. Mzee wetu alitibiwa saratani ya tezi dume kwa njia hii, haikuwa mambo ya kuvaa viatu vipana. Alifunga kula tangu usiku, akalazwa kwa dawa za usingizi, wakapitisha sindano ndefu katikati ya korodani na njia ya haja kubwa, wanaangalia kwenye skrini. Daktari alituchorea: kila sindano inatengeneza donge la barafu, na kwenye skrini ukingo wake unaonekana wazi. Akasema ukingo ule ni nyuzi 0 tu, hauui. Kifo kiko ndani zaidi, kuanzia -40 hivi. Kwa hiyo lazima donge livuke mpaka wa uvimbe, na kuvuka ndiko kunakogusa mishipa ya nguvu za kiume. Njia ya mkojo waliipitishia maji ya uvuguvugu muda wote isigande.

Mzee alipona saratani. Hilo lingine halikurudi, na yeye alikuwa ameambiwa akasaini. Mama ndiye hakuambiwa. Swali langu: sindano zile zilikuwa zinaganda na kuyeyuka kwa kubonyeza kitufe, bila nitrojeni. Inawezekanaje?

#30 Fundi Friji

Sasa umenifikia nyumbani! Ni gesi ya agoni. Gesi yenye shinikizo kubwa ikiachiwa ghafla kupitia tundu dogo inapoa, inafanana na valvu kwenye friji lako. Agoni ikitanukia kwenye ncha ya sindano inashuka chini ya -100 kwa sekunde chache. Heliamu ni mtundu, kwenye joto la kawaida yenyewe ikitanuka inapata joto. Kwa hiyo agoni kugandisha, heliamu kuyeyusha, bomba lile lile. Ukinipa stuli nitakaa hapa mpaka usiku.

Na pole kwa mama.

#31 Kisigino

Wakuu nimerudi. Ijumaa jioni, mguu uko juu ya kiti.

Dirisha lilikuwepo. Daktari kijana, mpole, alikwangua kisigino kwa kijembe kidogo mpaka vidoti vyeusi vikajitokeza, nikamwambia "NesiMkongwe alisema hivyo," akauliza nani huyo, nikanyamaza. Mtungi ni kama chupa ya chai yenye mdomo wa bastola, unatoa moshi mweupe unaoshuka chini badala ya kupanda. Tone moja lilidondoka sakafuni likakimbia kama tone la maji kwenye kikaango cha moto.

Alipopuliza, sekunde tano za kwanza nikasema kumbe hivi tu. Ngozi ikawa nyeupe kama chaki, ukigonga inalia ko ko. Akahesabu 20, weupe ulipovuka ukingo wa chunjua kidogo akaacha. Ndipo ikaja ile ya kuyeyuka. Dada nesi, ulisema inapuma. Hukusema inapuma mpaka kwenye meno! Nilishika kingo za kitanda nikahesabu vigae vya dari. Akanitazama akasema, "Sasa ya pili." Akarudia zote mbili.

Ile ndogo aliiacha, nikamweleza kuhusu utafiti wetu, akacheka, akasema yeye yuko upande wa Shangazi lakini hawezi kuapa mahakamani. Nikamuuliza basi kinachoua ni nini. Akasema, "Chukua yote manne, gawanya unavyotaka."

Leo kuna lengelenge la damu saizi ya maharage mawili. Natembelea vidole.

#32 Kisu Butu

Lengelenge la damu! Mishipa, wakuu, mishipa.

#33 Shangazi Mkubwa

Tulia. Subiri kidole gumba.

#34 Kisigino

Wiki ya saba, mrejesho. Nimerudia mara mbili zaidi. Kubwa moja imeondoka kabisa, mistari ya ngozi imerudi. Ya pili imebaki kama punje. Na ile ndogo, wakuu... imekwisha. Haipo. Nilitaka kumwandikia Shangazi barua ya pongezi.

Jana usiku nimeshtuka usingizini nahisi kitu cha baridi mguuni. Nawasha taa, mke wangu ana kichupa changu cha asidi salisiliki mkononi. Anasema amekuwa akinipaka kile kidole kila usiku nikilala, wiki ya sita hii, "maana niliona hiyo moja wamekusahau."

#35 Mwanamaabara

Dah.

#36 Kiroboto

Dau langu linarudishwa au linaenda kwa shemeji?

#37 Shangazi Mkubwa

Mimi bado sijashindwa. Huyo mke ana mikono, kapata chunjua yeye?